Molekuli imekataa kukaa kwenye kipokezi: pa kuanzia kutafuta kosa

"Kaka, Vina imenipa -9.2! Striknini inashika TAS2R16 vizuri kabisa."

Ujumbe wa namna hii huniingia kwenye simu mara kwa mara. Vina ni programu inayokadiria molekuli inavyoshika protini, alama ikizidi kuwa hasi ndivyo inavyodai kushika zaidi, na TAS2R16 ni kipokezi kimoja cha uchungu. Jibu langu huwa lilelile: weka sukari ya chai kwenye kisanduku hichohicho, yaani eneo ambalo programu inatafutia, halafu niambie. Kesho yake mtu hurudi amenywea. Sukari nayo imepata -7 na kitu, ilhali hakuna aliyewahi kukunja uso kwa uchungu wa sukari.

Haya hapa chini ni kwa mtu aliye katikati ya kazi hiyo. Una umbo la kipokezi cha ladha au harufu kwenye kompyuta, una molekuli, umefanya dokingi, yaani umeiacha programu itafute jinsi molekuli inavyoweza kukaa ndani ya protini, na sasa matokeo hayaeleweki. Nimepanga kwa dalili. Soma yako, ruka nyingine.

Ila kabla ya dalili yoyote, hakikisha unajua uko kwenye ukoo gani. Vipokezi vya uchungu, TAS2R, binadamu tunavyo takriban 25. Vya harufu ni kama 400. Panya ana zaidi ya 1,000 na tembo wa Afrika anakaribia 2,000, kwa hiyo mkonga ule si urembo. Vyote hivi ni protini zinazopenya utando wa seli mara saba, na kwa kawaida molekuli hukaa kati ya zile nguzo saba. Utamu ni habari nyingine. Kipokezi chake ni TAS1R2 iliyoshikana na TAS1R3, na sehemu kuu ya kushikia iko nje ya utando, kwenye kichwa kikubwa chenye mataya mawili yanayofumba. Maumbo ya maabara yaliyochapishwa 2025 yalionyesha sukralosi na aspartame zikiwa humo, upande wa TAS1R2. Ukiweka kisanduku katikati ya nguzo ukitafuta aspartame, utatafuta hadi Krismasi. Kinachowachanganya watu ni laktisoli, ile inayozima utamu: yenyewe kweli hushika kwenye nguzo za TAS1R3.

Dalili: kila ninachoweka kinapata alama nzuri

Hesabu atomu, ukiacha hidrojeni. Striknini ina 25. Sukrosi ina 23. Vina hujumlisha migusano kati ya molekuli na kuta za mfuko, na molekuli yenye atomu nyingi ina migusano mingi, basi. Alama zao kukaribiana ni jambo la kutarajiwa. Upande wa pili, propionati, ambayo ni harufu halisi yenye kipokezi chake halisi, ina atomu 5 tu, na isikushangaze ikipata -3 au -4. Kwa hiyo kupanga molekuli za harufu kwa alama tupu, kubwa na ndogo pamoja, ni sawa na kuwapima wanafunzi akili kwa urefu wao.

Halafu kuna kosa la programu yenyewe. Waliotengeneza AutoDock Vina walilitaja wazi tangu mwanzo: karibu kilokalori 2.85 kwa moli. Sasa linganisha na hili: kwenye joto la chumba, tofauti ya mara kumi katika nguvu ya kushika ni kilokalori 1.4 hivi. Yaani kosa la kawaida la programu linaweza kuifanya molekuli ionekane inashika mara mia kuliko ilivyo. Mtu anayeniletea -8.1 dhidi ya -8.4 na kusema ya pili imeshinda, simjibu.

La kufanya: tafuta molekuli ambazo maabara imethibitisha kwamba hazikichokozi kipokezi chako, zenye ukubwa wa kukaribiana na zile zinazokichokoza, uone kama programu inazitenganisha. Na kabla ya hapo fanya jaribio la kurudisha. Umbo la TAS2R46 lenye striknini ndani lilichapishwa 2022. Itoe striknini, iweke pembeni, fanya dokingi upya. Mkao unaopata ukiwa umbali wa Angstromu (sehemu ya bilioni kumi ya mita) zaidi ya 2 kutoka ule wa maabara, mipangilio yako ina tatizo, na hakuna maana ya kuendelea na molekuli nyingine yoyote.

Ukiona onyo kwamba ujazo wa kisanduku umezidi Angstromu za ujazo 27,000, hilo ni la kweli. Ni kisanduku cha 30 kwa 30 kwa 30, na mfuko wa kipokezi cha uchungu hauhitaji hata hicho. Watu huweka kisanduku kinachomeza protini nzima "ili nisikose kitu", kisha wanakosa kila kitu, kwa sababu utafutaji umetawanyika na kila ukirudia unapata mkao mpya. Punguza kisanduku, pandisha exhaustiveness (bidii ya utafutaji) kutoka 8 ya kawaida hadi 32, rudia kwa mbegu (namba za kuanzishia bahati nasibu) tatu tofauti. Zikikubaliana, songa mbele.

Dalili: mkao umepinduka, au sehemu ya sukari imekaa ajabu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza siku nne za maisha yangu.

Nimekulia pwani, na kwa bibi yangu muhogo usiojulikana ulipimwa kwa kuuma kipande kidogo kibichi na kukitema. Mchungu haukaribii sufuria hivihivi. Uchungu wa muhogo wa namna hiyo unaandamana na linamarini, glukosidi inayoweza kutoa sianidi. Kipokezi cha TAS2R16 kinajulikana tangu 2002 kuitikia glukosidi za aina ya beta, kama salisini ya gome la mti wa willow. Nikasema basi, niiweke linamarini ya bibi humo nione inakaaje.

Ikakaa vibaya. Glukosi ilikuwa inaelekea kwenye mafuta na mkia wa nitrili unaelekea nje. Nikabadilisha kisanduku. Nikabadilisha modeli ya kipokezi. Nikalaumu programu. Siku ya nne ndipo nilipofungua faili la molekuli peke yake, bila protini, nikaizungusha polepole. Haikuwa linamarini. Haikuwa hata glukosi.

Mstari wa SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kwa herufi na alama, nilikuwa nimeunakili kutoka kwenye jedwali la mtu, na jedwali lile lilikuwa limefuta alama zote za @. Alama hizo ndizo zinazosema kila kaboni imegeukia upande gani. Pete ya glukosi kwenye linamarini ina kaboni tano za namna hiyo, kwa hiyo kuna maumbo 32 yanayowezekana, na Open Babel, programu ya kubadilisha faili za molekuli, ikiambiwa itengeneze umbo la pande tatu bila maelekezo huchagua tu. Ilikuwa imenichagulia sukari isiyohusika kabisa, na tena ikiwa ya alfa.

Kuikagua glukosi ya beta kwa macho ni rahisi ukishaizoea. Pete ikiwa katika umbo la kiti, vikundi vyote vitano vilivyoning'inia juu yake vimetandaa pembeni, kufuata usawa wa pete. Hata kimoja kikisimama wima juu au chini, una sukari nyingine, au kiti kimepinduka. Na hili la kiti kupinduka Vina haitakusaidia, kwa sababu haikunji pete. Inazungusha bondi za nje tu. Pete uliyoingiza ndiyo pete utakayotoka nayo, hata kama imejikunja kama mkeka uliolowa.

Tatizo hilohilo lina sura nyingine nyingi. Kwinini na kwinidini zina atomu zilezile zilizounganishwa kwa mpangilio uleule; tofauti ni upande ambao kaboni mbili zimegeukia. Kavoni ya mkono mmoja inanukia mnanaa, ya mkono wa pili inanukia kisibiti. Pua inazitofautisha mara moja, lakini faili lisilo na @ haliwezi.

Baada ya umbo, angalia chaji. Kwinini ina nitrojeni mbili. Ile iliyo kwenye kizimba cha kwinuklidini hubeba protoni katika hali ya mate. Ile ya kwinolini haibebi. Programu za kuongeza hidrojeni wakati mwingine huziacha zote tupu, wakati mwingine huzijaza zote. Zihesabu mwenyewe.

Mfano mzuri wa chaji ni OR51E2, kipokezi cha kwanza cha harufu cha binadamu ambacho umbo lake lilionekana kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali, 2023, kikiwa na propionati ndani. Kichwa chenye chaji hasi kimeshikwa na arginini ya nafasi ya 262, na mkia mfupi umebanwa kwenye mfuko mdogo uliofungwa pande zote. Ukiingiza asidi ya propioniki yenye hidrojeni yake badala ya propionati, unaweza kupata mkia unaoiangalia arginini. Hata ukirekebisha, Vina bado haitaupa muungano ule uzito unaostahili, maana haihesabu chaji za umeme kabisa. Inatambua tu nani anatoa hidrojeni na nani anapokea. Kwa molekuli ndogo zenye chaji, jaribu programu inayohesabu umeme, au peleka mikao kadhaa kwenye simulesheni ya mwendo uone upi unadumu.

Dalili: maabara imesema inakichokoza, kwangu haiingii mfukoni

Modeli yako umeitoa wapi? Siku hizi jibu ni AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wake, na ni jibu zuri ukilinganisha na tulikotoka. Zamani TAS2R zilijengwa juu ya kiolezo cha rodopsini ya ng'ombe au kipokezi cha adrenalini, ambako mfuatano unafanana kwa chini ya asilimia 30, na ulinganishaji ukiteleza asidi amino tatu tu, nguzo nzima inageuza mgongo. Kama bado unatumia njia hiyo kwa vipokezi vya harufu, shikilia alama zao za ukoo: MAYDRYVAIC mwishoni mwa nguzo ya tatu, PMLNPFIY kwenye nguzo ya saba. Hizo zisipolingana, futa uanze upya. Kwa TAS2R alama hizo usizitafute, hazipo.

AlphaFold ina ugonjwa wake. Haijui kwamba ndani ya mfuko kuna mgeni, hivyo minyororo ya pembeni huegemea ndani na kuubana mfuko. Fungua modeli kwenye PyMOL, programu ya kuonyesha molekuli, na uipake rangi kwa safu ya B, ambako AlphaFold huhifadhi alama yake ya kujiamini. Kipande chenye alama chini ya 50 ni uzi tu unaopepea, na nimeshaona modeli ambapo mkia wa namna hiyo ulikuwa umeingia mfukoni na kuuziba kama kizibo cha chupa. Ukate. Kisha ruhusu minyororo miwili mitatu ya mfuko izunguke wakati wa dokingi, au, vizuri zaidi, endesha simulesheni fupi ya kipokezi kitupu, chukua maumbo kumi tofauti, ujaribu yote.

Kama mfuko uko wazi na bado hakuna kinachoingia, jiulize kama ndio mfuko wenyewe. TAS2R14 ilitufundisha adabu. Ni kipokezi kinachoitikia molekuli nyingi ajabu, na kwa miaka watu walizipachika zote kwenye mfuko wa juu, nami nikiwemo. Maumbo yalipotoka 2024, mfuko wa juu ulikuwa umekaliwa na kolesteroli. Molekuli chungu ilikuwa chini kabisa, upande wa ndani wa seli, karibu na protini ya G. Kama kisanduku chako kinaangalia juu tu, matokeo yako ya TAS2R14 yarudie.

Dalili: PTC inapata alama sawa kwa wanaoonja na wasioonja

Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa DuPont, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC. Mwenzake akalalamika uchungu, yeye akasema haonji kitu. Leo tunajua sehemu kubwa ya ugomvi ule iko kwenye TAS2R38, katika nafasi tatu: 49, 262 na 296. Wenye PAV (prolini, alanini na valini katika nafasi hizo) wanaonja, wenye AVI (alanini, valini na isolusini) hawaonji au wanaonja kidogo sana.

Mwanafunzi akibadilisha asidi amino hizo tatu na kurudia dokingi hupata namba zilezile, kisha hudhani amekosea. Hajakosea. Prolini, alanini na valini ni ndogo, na mabadiliko yake ni ya upole. Mengi hayaonekani kwenye kuta zinazoigusa PTC. Kushika ni jambo moja, kipokezi kuamka baada ya kushikwa ni jambo jingine, na dokingi inapima la kwanza peke yake. Swali hili linahitaji simulesheni ndefu ya vipokezi vyote viwili, ukifuatilia mwendo wa nguzo ya sita. Kama huna kompyuta ya kazi hiyo, chagua swali jingine.

Dalili: simulesheni imelipuka, au molekuli imetoroka

Onyo la LINCS, sehemu ya programu ya simulesheni GROMACS inayoshikilia urefu wa bondi, likianza kumwagika hatua ya kwanza kabisa, karibu kila mara atomu mbili zimekaliana. Punguza nishati kwanza, kisha legeza kwa hatua, ukiwa umeifunga protini na molekuli mahali pake. Ukiwa umejaza maji kwa mkono, angalia katikati ya utando: amri ya kujaza maji haijui kwamba mafuta hayataki maji, na huacha matone humo. Yafute. CHARMM-GUI, tovuti inayokuandalia mfumo mzima, huliepuka hili, na kwa anayeanza naipendekeza bila aibu. Weka na kolesteroli kwenye utando. Baada ya TAS2R14 sioni kisingizio cha kutumia POPC (aina moja ya mafuta ya utando) tupu. Na shinikizo liwe semiisotropic (la kufuata utando na la kuuvuka yadhibitiwe mbalimbali), la sivyo utando unaminywa isivyo.

Molekuli "ikitoroka" ghafla, katika fremu moja, ikatokea upande wa pili wa skrini, haijatoroka. Imevuka ukingo wa kisanduku ikaingilia upande mwingine, kama kawaida ya visanduku hivi. Pitisha trajektori (rekodi ya mwendo) kwenye trjconv, amri ya GROMACS, ukiweka -pbc mol na -center, utaiona imetulia palepale. Ikitoka polepole katika nanosekunde chache, ikigusa kuta njiani, hapo imetoka kweli: mkao ulikuwa mbaya, au chaji, rudi sehemu ya pili.

Umeme ukikatika usiku, usianze upya. GROMACS huhifadhi faili la cpt (hali ya kazi ilipofikia) kila dakika 15. Endelea nalo kwa -cpi. Mimi kwangu nimeweka kila dakika 5.

Dalili: modeli ya kipokezi cha mbu haina maana yoyote

Swali hili huulizwa sana huku kwetu, na sababu ipo: tafiti za harufu na mbu zimefanyika hapahapa. Mbu aina ya Aedes aegypti wa Rabai, Kenya, wa majumbani na wa msituni, ndio walioonyesha 2014 jinsi kipokezi Or4 kinachonusa kemikali ya sulkatoni kinavyohusiana na kupenda harufu ya binadamu.

Lakini Or4 haijengwi juu ya kiolezo cha binadamu. Vipokezi vya harufu vya wadudu ni milango ya ayoni. Vimekaa kwenye utando kinyume na vyetu, mwanzo wa mnyororo ukiwa ndani ya seli, na hufanya kazi vinne vinne pamoja na mwenza anayeitwa Orco. Tangu 2024 kuna maumbo ya vipokezi vya Aedes na Anopheles vikiwa na Orco, kimoja kwa Orco tatu. Anzia hapo, na uitupe ile ya nguzo za rodopsini.

Dalili: modeli ya kompyuta iliyofunzwa kutabiri uchungu inapata asilimia 95, kisha inafeli kwa molekuli mpya

Tafuta kwinini hidrokloridi na kwinini salfeti kwenye jedwali lako. Moja iko kwenye mafunzo, nyingine kwenye jaribio, sivyo? Ni molekuli ileile, umeipa modeli jibu la mtihani. Ondoa chumvi, unganisha marudio, kisha gawa data kwa mifupa ya molekuli badala ya bahati nasibu. Asilimia itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo yako.

Angalia pia hizo "zisizo chungu" ulizipata wapi. Mara nyingi ni molekuli ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzionja.

Ukikwama na unataka kuniuliza

Usinitumie picha ya skrini yenye alama. Nitumie SMILES yenye alama zake za @, pH uliyotumia, chanzo cha umbo la kipokezi, katikati ya kisanduku na vipimo vyake, na matokeo ya jaribio la kurudisha. Na faili la molekuli peke yake, bila protini. Ndilo ninalofungua kwanza.